Arafa ya karo hufika kwa wakati, ya hatari je?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wazazi wenye watoto katika shule za bweni tumelinung'unikia kwa muda mrefu kwenye foleni za benki, ndani ya matatu na nje ya lango la shule siku ya kufunga, bila kulifikisha panapostahili. Jambo lenyewe ni namna shule zetu zinavyotujulisha, au zinavyokosa kutujulisha, watoto wetu wanapokuwa hatarini.

Muhula unapokaribia kufunguliwa, simu yangu hupokea arafa kutoka shuleni. Arafa hiyo hutaja jina kamili la mwanangu, nambari yake ya usajili, kidato chake, salio la karo hadi shilingi ya mwisho, nambari ya akaunti na tarehe ambayo malipo yanatakiwa yawe yamekamilika. Hutumwa kwa mamia ya wazazi kwa mpigo mmoja, na humfikia hata nyanya anayelea wajukuu kijijini akiwa na kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti. Sina lawama kuhusu hilo, kwa maana karo ndiyo inayonunua unga na maharagwe, na shule ina haki ya kuidai. Lakini mtambo huo huo, wenye nambari za simu za wazazi wote, hukaa kimya moto unapozuka bwenini, maji yanapochafuka na wanafunzi wakalazwa, au basi la shule linapopata ajali likirejea kutoka michezoni. Saa hizo habari hutufikia kwa video ya sekunde chache iliyopitishwa kutoka kikundi kimoja cha WhatsApp hadi kingine, na yeyote aliyeituma wa kwanza hajulikani.

Mimi mwenyewe nimepitia hali hiyo. Sitaitaja shule, kwa sababu nia yangu si kuiaibisha na kwa sababu najua wazazi wa shule nyingi wanaweza kusimulia jambo lile lile. Usiku mmoja moshi ulifuka kutoka chumba cha kuhifadhia magodoro kilicho kando ya bweni la wasichana. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu. Video iliyonifikia ilionyesha wasichana wamejifunga leso juu ya sweta za shule, wamechuchumaa uwanjani gizani, huku sauti ya mtu mzima ikisema bweni linaungua. Jina la shule halikutajwa popote. Nilichotambua ni rangi ya zile sweta. Simu ya ofisi iliita hadi ikakatika, kisha haikupatikana kabisa. Aliyenipokea hatimaye ni mwalimu wa darasa, ambaye aliniambia kwa sauti ya mtu anayetembea kwa haraka, "Mama, tuko uwanjani tunaita majina, nikimaliza darasa langu nitakupigia." Kweli alipiga, akanipa mwanangu tukaongea maneno mawili. Ujumbe rasmi wa shule ulikuja siku iliyofuata mchana, kwa Kiingereza, ukisema kulitokea hitilafu ndogo ambayo ilidhibitiwa. Wiki kadhaa baadaye ikaja arafa ya pili, nayo ilikuwa ya mchango wa ukarabati, yenye jina la mwanangu na kiasi kamili.

Nimemtaja mwalimu yule kwa sababu alichokifanya ndicho ninachokiomba kwa shule zote. Alikuwa na orodha ya darasa mkononi, aliwaita wanafunzi mmoja mmoja, na alijua kwamba mzazi aliye mbali atakuwa hajalala usiku ule. Hakuna waraka wowote uliomlazimisha. Aliongozwa na utu wake tu, na mfumo wa usalama wa watoto hauwezi kutegemea bahati ya mzazi kuwa na nambari ya mwalimu mwenye utu.

Nchi hii inajua vizuri inavyokuwa orodha inapokosekana. Usiku wa Alhamisi, 5 Septemba 2024, moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy, eneo la Kieni, Kaunti ya Nyeri, ambamo walikuwa wamelala watoto zaidi ya 150. Watoto 21 walifariki. Siku ya Ijumaa, wazazi wakiwa wamejaa shuleni, Naibu wa Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alitangaza kwamba watoto 70 walikuwa hawajulikani waliko, akafafanua kwamba kutojulikana huko hakukuwa na maana kwamba wamefariki au wameumia, na akawasihi wazazi waliokuwa wamewachukua watoto wao watoe taarifa. Wengi wa watoto hao walikuwa hai. Baadhi yao walikuwa wamechukuliwa na jamaa zao katika vurumai ile, na wengine walikuwa wamehifadhiwa na wakazi wa karibu waliowafungulia milango usiku wa manane. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilifungua pale shuleni dawati la kuwatafuta na kuwaunganisha na familia zao.

Naomba wasomaji watafakari hesabu hiyo ilivyokuwa kwa mama aliyesimama nje ya utepe wa polisi. Mtoto wake angeweza kuwa miongoni mwa waliokuwa wakinywa chai kwa jirani, au miongoni mwa waliobaki ndani ya bweni, na hakukuwa na mtu wala kitabu cha kumwambia yuko upande upi. Wale waliofiwa walilazimika baadaye kutoa sampuli za chembechembe za vinasaba ili miili itambuliwe, na hilo pengine lisingeepukika. Lakini mateso ya wale wengine, ambao watoto wao walikuwa salama, yangepunguzwa sana na daftari moja langoni ambamo kila anayemchukua mtoto anaandika jina la mtoto, jina lake, nambari ya simu na saa. Watu wazima wakihofia maisha ya watoto wao hawatakumbuka kuripoti wenyewe. Ni lazima awepo mtu aliyepewa kazi hiyo mapema, anayejua kwamba zamu yake moto ukizuka ni kusimama langoni na daftari na tochi, na wala si kubeba ndoo za maji.

Endarasha si mwanzo. Mwaka wa 1998 wasichana waliteketea katika bweni la Bombolulu hapa Pwani. Mwaka wa 2001 wavulana 67 walifariki Kyanguli, Machakos. Mwaka wa 2017 wasichana 10 walifariki katika Shule ya Wasichana ya Moi jijini Nairobi. Kila mara baada ya mazishi tumezungumza kuhusu vyuma vya madirisha, milango na vitanda vilivyosongamana, na ilikuwa haki kuzungumzia hayo kwa kuwa ndiyo yanayoua. Mwongozo wa viwango vya usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unataka mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano na ufunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Hivyo ni vipimo ambavyo mkaguzi anaweza kuingia navyo bwenini akiwa na utepe wa kupimia. Ninachoomba ni kwamba mawasiliano na familia nayo yapewe kipimo cha aina hiyo, kinachoweza kukaguliwa kwa saa ya mkononi: ujumbe wa kwanza uwe umetoka ndani ya dakika ngapi, uwe na nini, na nani anawajibika usipotoka.

Kuna watakaosema kwamba mzazi aliye Voi au Lodwar hawezi kuuzima moto wa Nyeri, kwa hiyo haidhuru akijua saa tano usiku au saa tano asubuhi. Hoja hiyo inasahau hatari zisizo na moshi. Mapema Aprili 2023, Shule ya Wasichana ya Mukumu, Kaunti ya Kakamega, ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua na baadhi yao kufariki, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye maji na chakula kilichochafuliwa. Wasichana walikuwa wametawanyika katika hospitali mbalimbali, wengine mbali na shule. Katika hali kama hiyo taarifa ya mapema ni sehemu ya matibabu yenyewe. Daktari anayempokea msichana mmoja mwenye homa na kuhara atafikiria malaria. Akiambiwa kwamba wenzake wengi wa shule hiyo wanaugua vivyo hivyo, atapima mambo mengine. Na mzazi anayejua hatampeleka mtoto nyumbani kupumzika kwa siku mbili akidhani ni uchovu wa mitihani.

Nimezungumza na walimu wakuu, wawili kati yao wastaafu, ili nisiandike kwa hasira ya upande mmoja. Sababu za ukimya wanazozitoa ni za kweli, na zinastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema kwamba mwalimu mkuu anayetangaza tukio kabla ya kuwaarifu wakubwa wake katika elimu ya kaunti huhofia kuitwa kujieleza, au kuhamishwa. Wanasema pia kwamba wazazi wakipata habari nusu watafurika barabarani na kuzuia magari ya zimamoto na ambulensi, na kwamba habari za moto katika shule moja huwasha fikra mbaya katika nyingine. Hili la mwisho si la kubuni, kwani siku chache tu baada ya msiba wa Endarasha mioto mingine iliripotiwa katika shule za Meru na Isiolo.

Hata hivyo, ukimya hauondoi hata moja ya hatari hizo. Video husambaa mwalimu mkuu akiwa bado anatafuta kibali, na wazazi hufurika langoni hasa kwa kuwa hawajaambiwa chochote. Mzazi aliyepata arafa isemayo, "Moto ulizuka saa nne usiku katika bweni moja, wanafunzi wote wako uwanjani na wanaitwa majina, tafadhali usije sasa, tutakujulisha tena kabla ya saa sita," ana sababu ya kusubiri. Ambaye hajapata chochote atapanda bodaboda. Ndiyo maana naamini kibali cha kutuma ujumbe wa kwanza kisihitajike kabisa. Uandikwe mapema, upitishwe na bodi ya usimamizi, ukae tayari katika simu ya mwalimu mkuu, ya naibu wake na ya mwalimu wa zamu, na yeyote kati yao atakayekuwepo ajaze saa na mahali kisha autume, huku ofisi ya elimu ya kaunti ikiupokea wakati ule ule pamoja na wazazi. Ujumbe wa namna hiyo haulaumu mtu na hautaji chanzo. Hivyo ni vitu vya polisi na wachunguzi.

Wala nisieleweke vibaya kwamba nataka kila kitu kimwagwe kwenye kikundi cha wazazi. Kuna habari ambayo haifai kabisa kupita huko. Jina la mtoto aliyeumia au kufariki lisisomwe na mzazi wake kwenye kikundi chenye watu 300. Apigiwe simu na mtu mzima anayemfahamu, tena kabla ya jina hilo kusemwa popote pengine. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na mwaka wa 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria hiyo nimesikia ikitajwa na baadhi ya wasimamizi kama kisingizio cha kutosema lolote kuhusu tukio. Kinachokatazwa ni kuanika habari za mtoto kwa wasiohusika, na mzazi wake ndiye mhusika wa kwanza. Tena Kifungu cha 35 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zinazohitajika kulinda haki yoyote, na Kifungu cha 53 kinaweka maslahi ya mtoto mbele ya mengine yote.

Kuhusu lugha, ninaomba shule zitumie Kiswahili katika jumbe za dharura. Katiba imekitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini sababu yangu ni nyepesi kuliko hiyo: watoto wengi wa bweni wanalelewa na nyanya na babu, na mtu aliyeshtuka usiku hapaswi kumwamsha jirani amsomee.

Kosa la kuchelewa si la shule peke yake. Muhula wa pili wa mwaka wa 2024 ulitarajiwa kufunguliwa Jumatatu, 29 Aprili, mvua kubwa zikiwa zimefurika nchi nzima. Tangazo la Wizara la kuahirisha ufunguzi kwa wiki moja lilitoka usiku wa kuamkia siku hiyo, wakati wanafunzi wa shule za mbali walikuwa tayari wamo safarini na masanduku yao. Hapa Voi, ambapo mabasi ya usiku hupita kutoka Pwani kwenda bara, wazazi waliopata habari waliwapigia makondakta kuwaomba wawashushe watoto, na wengine walijua asubuhi mtoto alipofika mbele ya lango lililofungwa. Uamuzi wa kuahirisha ulikuwa sahihi kabisa, na siku chache baadaye Rais aliuongezea muda hadi shule zilipofunguliwa 13 Mei. Lakini mafuriko hayakuanza usiku ule, na mtoto wa miaka 14 aliyeteremshwa kituoni alfajiri amewekwa katika hatari nyingine na tangazo lililokusudiwa kumlinda. Kama Wizara ingetuma arafa kwa nambari za wazazi zilizomo katika mfumo wake wa taarifa za wanafunzi Ijumaa ile, hata kusema tu kwamba ufunguzi unatafakariwa na wenye safari ndefu wangoje, mengi yangeepukika.

Upande wetu wazazi nao una deni. Tunabadilisha laini za simu bila kuiambia shule. Fomu ya kujiunga tunaijaza mara moja mtoto akiingia sekondari, tukiandika nambari ya baba peke yake, na miaka mitatu baadaye baba yuko kazini ng'ambo au nambari hiyo imekwisha kupewa mtu mwingine. Baadhi yetu ndio tunaosambaza video ambazo hatujui zimetoka wapi, tena kwa kuongeza maneno yetu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na mimi naliunga mkono agizo hilo, lakini lina gharama yake: mtoto hana njia ya kumwambia mama yake kwamba yuko salama isipokuwa kupitia shule. Shule ikishachukua nafasi hiyo ya kuwa njia ya pekee, inabeba pia wajibu wake mzima. Na sisi tuihakikishie shule nambari mbili zinazofanya kazi kila muhula unapofunguliwa, mojawapo ikiwa ya mtu mwingine wa familia asiyeishi nyumba moja nasi.

Ninazifahamu shule chache ambazo kila muhula hufanya zoezi la kuhamisha wanafunzi kutoka mabwenini, na katika siku hiyo hiyo hutuma arafa ya majaribio kwa wazazi na kuwataka wajibu kwa neno moja. Nambari zisizojibu hufuatiliwa na mwalimu wa darasa katika wiki hiyo. Kazi yote huchukua alasiri moja na gharama ya arafa zenyewe ni ndogo mno ikilinganishwa na fedha tunazozilipa. Sioni kwa nini zoezi hilo lisiwe sharti la kila shule ya bweni, ya umma na ya kibinafsi, na matokeo yake yasomwe kwenye mkutano wa wazazi pamoja na hesabu za fedha. Shule za kutwa nazo zisiachwe nje, kwa maana tunakumbuka Februari 2020, wanafunzi 14 walipokufa katika mkanyagano kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega saa za kwenda nyumbani, na wazazi wakakimbilia hospitalini kutafuta watoto wao.

Ninamwomba Waziri wa Elimu atoe waraka kuhusu suala hili kabla ya muhula ujao kufunguliwa, unaoeleza muda wa ujumbe wa kwanza, mwenye mamlaka ya kuutuma, daftari la langoni, na simu za ana kwa ana kwa familia zilizoathirika, na unaomlinda waziwazi mwalimu atakayetuma ujumbe huo kwa nia njema dhidi ya kuadhibiwa. Bodi za usimamizi hazina haja ya kuungojea. Mkutano wetu wa wazazi utafanyika mapema muhula huo, na nimeshamwandikia mwenyekiti kuomba jambo hili liwekwe katika ajenda mbele ya suala la kuongeza karo.

Mzazi wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Voi, Kaunti ya Taita Taveta